Iskanda na Rufo: Unamwandikia Nani?

Mwandishi chipukizi akipeleka mswada wake kwa mchapishaji, swali la kwanza huwa hili: "Kitabu hiki ni cha nani?" Nasi hujibu harakaharaka, bila hata kumeza mate: "Ni cha jamii yote." Jibu hilo linapendeza masikioni, lakini ndani ni tupu. Jamii yote haijapata kusoma kitabu chochote tangu dunia iumbwe. Anayesoma ni mtu, tena mmoja mmoja, mwenye kazi zake, uchovu wake, na pengine mtoto analia pembeni. Sasa huyo mtu ni nani?

Katika makala haya nataka tulitazame swali hilo kwa kupitia maandishi ya Wakristo wa mwanzo, yaani Injili na nyaraka. Ndugu msomaji, usiogope, simhubirii mtu hapa. Awe Mwislamu, awe anayetambikia mizimu ya ukoo wake, awe asiyeamini kitu, wote nawakaribisha kwenye kigoda. Nayasoma maandishi hayo kama mhakiki anavyosoma riwaya. Nimeyachagua kwa sababu moja: yamesomwa na mamilioni ya watu, katika lugha nyingi, hata huku kwetu Bariadi ambako nyumba isiyo na kitabu kingine chochote huenda ikawa na Biblia juu ya kabati. Na pamoja na kusomwa kote huko, wale walioandikiwa hasa, wa kwanza kabisa, wengi wao hatuwajui. Kwetu sisi tunaojifunza kuandika, jambo hilo lina somo kubwa.

MWANDISHI HUJISALITI

Hebu tuanze na Injili ya Marko, ambayo wataalamu wengi huikadiria kuwa iliandikwa karibu na mwaka 70. Marko hasemi anamwandikia nani. Hana tabaruku, hana dibaji, anaanza tu. Lakini ukimfuatilia polepole, utamkamata.

Katika sura ya 7 Mafarisayo wanalalamika kwamba wanafunzi wa Yesu wanakula bila kunawa. Hapo Marko anaisimamisha hadithi na kuanza kueleza desturi za Wayahudi: jinsi wanavyonawa mikono, jinsi wanavyoosha vikombe na vyombo. Jiulize, Myahudi gani wa wakati ule alihitaji kuelezwa hayo? Ni sawa na mtu kuandika kitabu kwa ajili ya watu wa Itilima, halafu akatumia ukurasa mzima kuwaeleza kwamba katika mahari kuna ng'ombe! Watamcheka. Pia Yesu anapomwamsha binti wa Yairo, Marko anayaweka maneno ya Kiaramu kama yalivyo, na papo hapo anayatafsiri. Na yule mjane maskini anapotoa sarafu zake mbili ndogo, Marko anatoa thamani yake kwa sarafu ya Kirumi.

Kwa hiyo msomaji wa Marko ameanza kujitokeza gizani. Hajui desturi za Kiyahudi, au walau si wasomaji wote wanaozijua. Hajui Kiaramu. Anashika sarafu ya Kirumi mkononi. Wapo waliosema ni watu wa Rumi yenyewe, wapo waliosema ni watu wa Siria. Mabishano hayajaisha.

Lakini mimi kilichonishika ni kitu kingine, tena kidogo sana. Katika sura ya 15 askari wanamlazimisha mpita njia mmoja kubeba msalaba. Jina lake Simoni, mtu wa Kirene. Marko anaongeza kwamba huyo ni baba yao Iskanda na Rufo. Basi! Haelezi Iskanda ni nani. Haelezi Rufo ni nani. Watu hao hawakuonekana kabla, wala hawaonekani tena mpaka mwisho wa kitabu. Mwandishi yuleyule aliyekaa chini kueleza kuosha vikombe, hapa anapita kama vile hakuna la kueleza.

Kumbe kwa wasomaji wake halikuwepo. Sisi huku hatuhitaji profesa atufafanulie jambo hili. Mtu akikwambia, "Yule mzee, baba yake Masanja," maana yake anajua kwamba Masanja unamfahamu. Mzee ndiye mgeni kwako, si Masanja. Basi kuna watu fulani, mahali fulani, waliokuwa wanawafahamu vijana wawili, Iskanda na Rufo, pengine walikuwa wanakaa nao benchi moja. Siku kitabu kiliposomwa mbele yao, sentensi ile iliwagusa begani: haya yalimpata baba wa wenzenu.

Sasa tazama kilichofuata. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba waandishi wa Injili ya Mathayo na ya Luka walikuwa na kitabu cha Marko mbele yao. Wote wawili wanasimulia habari za Simoni na msalaba. Na wote wawili wameyaacha majina ya wale vijana. Mathayo ameyaondoa hata maelezo ya kunawa mikono, ingawa kisa chenyewe amekibakiza. Maelezo yanayojitosheleza ni kwamba wasomaji wao walikuwa wengine: wa Mathayo walizijua desturi za Kiyahudi, na wa wote wawili hawakuwajua Iskanda na Rufo. Msomaji akibadilika, kalamu nayo inabadilika.

Kutokana na hayo napata kanuni ya kuhakikia, ambayo nawaomba wenzangu muijaribu. Anachokieleza mwandishi kinatuonyesha msomaji wake hajui nini. Anachokiacha bila kueleza kinatuonyesha yeye na msomaji wake wanajua nini pamoja. Nami nadhani hicho cha pili ndicho kizito zaidi, kwa sababu ndimo undugu wa mwandishi na msomaji ulimo.

Hata watafsiri wetu walikumbana na jambo hili. Katika Biblia ya Kiswahili iliyokamilika mwaka 1952, ile ambayo wengi tumeikuta nyumbani, sarafu za yule mjane zimekuwa senti, na thamani yake imehesabiwa kwa "pesa". Pesa hiyo ilikuwa sarafu kweli. Katika koloni la Wajerumani, kabla ya mwaka 1904, rupia moja ilikuwa pesa 64. Watafsiri walifanya kilekile alichofanya Marko, walimpa msomaji sarafu anayoijua. Leo kijana wa Somanda akisikia "pesa" anaelewa fedha yoyote ile, kwa hiyo hesabu hiyo haimwambii kitu. Msomaji yule aliyelengwa amekwisha kuondoka, kitabu kimebaki kinamsubiri.

BARUA ISIYO NA ANWANI

Wako waliotaja jina. Luka anaandika moja kwa moja kwa mtu anayeitwa Theofilo, tena anamwita mtukufu, cheo ambacho katika Matendo ya Mitume wanapewa pia maliwali Feliki na Festo. Wengine wanasema Theofilo alikuwa mkubwa fulani, huenda ndiye aliyegharamia kunakiliwa kwa kitabu. Wengine wanasema jina hilo kwa Kigiriki lina maana ya mtu apendaye Mungu, au apendwaye naye, kwa hiyo ni jina la kila msomaji. Mimi naona Luka alikuwa na mtu hasa kichwani. Mtu hahangaiki na cheo cha mtu asiyekuwepo.

Waraka kwa Waefeso ni kichekesho zaidi. Katika nakala kadhaa za zamani kabisa tulizonazo, mojawapo ikikadiriwa kuwa ya karibu na mwaka 200, maneno yanayotaja mji wa Efeso hayamo! Na ndani ya waraka mwandishi anazungumza kama mtu aliyesikia tu habari za imani ya wasomaji wake, wakati Matendo ya Mitume yanasema Paulo alikaa Efeso karibu miaka mitatu. Ndipo baadhi ya wataalamu wakapendekeza kwamba ulikuwa waraka wa kuzunguka, unasomwa mji huu, unapelekwa mji ule. Kisha kuna Waraka kwa Waebrania. Huo hauanzi kama barua, hauna jina la mwandishi wala la mwandikiwa, na hilo neno "Waebrania" ni kichwa tu kilichowekwa baadaye. Lakini mwishoni mwandishi anatoa salamu za watu wa Italia, na anataja habari za kufunguliwa kwa Timotheo. Ni kama umeokota barua stendi ya mabasi, bahasha imepotea, unasoma: "Fulani naye ametoka, wanawasalimu wote." Unajua kuna watu walipendana hapo. Huwajui.

Kwa miaka mingi wataalamu walizoea kusema kwamba kila Injili iliandikwa kwa ajili ya jumuiya moja ndogo, ya Marko hapa, ya Mathayo pale. Mwaka 1998 Mwingereza mmoja, Richard Bauckham, pamoja na wenzake walitoa kitabu cha kuwapinga. Hoja yake mojawapo ni ya kawaida kabisa: mtu anayetaka kusema na watu wa kwao ana haja gani ya kuandika? Si awaambie kwa mdomo tu? Kuandika ni kwa ajili ya walio mbali. Kwa hiyo, akasema, Injili zilikusudiwa tangu mwanzo kusambaa katika makanisa yote.

Hoja hiyo si ya kudharau, na sisi waandishi tunapaswa kuijibu. Mimi jibu langu ni kwamba yako maneno mtu hawezi kuyasema kwa mdomo hata kwa jirani yake. Hasa kwa jirani yake! Ya jirani yana aibu, yana heshima ya umri, yana ukoo. Karatasi inaweza kuingia nyumba ambayo wewe mwenyewe huwezi kuingia na maneno hayo. Kwa hiyo mtu anaweza kuandika kwa ajili ya walio mbali na wakati huohuo akawa anamlenga mtu wa nyumba ya tatu. Iskanda na Rufo ni ushahidi wangu. Marko aliandika kitabu cha kusafiri, lakini alikitia kitu cha nyumbani.

MSOMAJI ASIYEJUA KUSOMA

Kuna jambo jingine tunalolisahau. Mwanahistoria William Harris, katika kitabu chake cha mwaka 1989, alikadiria kwamba waliojua kusoma na kuandika katika dola ya Kirumi hawakuvuka asilimia 15 hivi. Maana yake wengi wa walioandikiwa hawakuwa wasomaji, walikuwa wasikilizaji. Maandishi yenyewe yanalijua hilo. Kitabu cha Ufunuo, mwanzoni kabisa, kinamtaja anayesoma kuwa ni mmoja na wanaosikia kuwa ni wengi. Paulo anawaagiza Wathesalonike kwamba waraka usomwe mbele ya ndugu wote.

Jambo hili halikuishia huko. Kule Buganda, karne ya 19, wafuasi wa dini mpya waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kuingia dini na kujifunza kusoma lilikuwa jambo moja. Na huku kwetu, Nassa, kando ya Ziwa Viktoria, mahali ambapo leo pako katika wilaya ya Busega ya mkoa wetu wa Simiyu, Waanglikana wa CMS walifungua misheni mwishoni mwa karne hiyohiyo, na mwaka 1909 wakawaachia wamisionari wa Africa Inland Mission. Agano Jipya kwa Kisukuma lilitoka mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1960. Sasa fikiri: wale waliokaa kutafuta neno la Kisukuma la hiki na kile, walikuwa wanamwandikia nani? Wasukuma waliojua kusoma mwanzoni walikuwa wachache mno. Walimwandikia msomaji ambaye hajakuwepo bado, kisha ikabidi wamtengeneze kwa kumfundisha a, e, i, o, u.

Nimewaona wazee wa kike ambao hawajui kusoma jina lao, lakini ukikosea neno moja wakati unawasomea wanakurudisha nyuma: "Hapana, mjukuu wangu, hapo hapakusemwa hivyo." Hao si wasomaji? Mimi nasema ni wasomaji, tena wakali kuliko wale wa shule. Kwa hiyo tunapolia kwamba huku mkoani hakuna wasomaji, tuwe waangalifu. Vitabu ni vichache, maduka ya vitabu ni ya madaftari na kalamu, hilo kweli. Lakini mtu mmoja akisoma kwa sauti barazani na watano wakasikiliza, umepata watu sita. Sentensi yako inaweza kusomwa kwa sauti? Hilo ndilo swali.

KITEREZA ALIMWANDIKIA NANI?

Ng'ambo kidogo tu ya Nassa, kisiwani Ukerewe, alikuwepo mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na wamisionari Wakatoliki. Mwaka 1945 alimaliza kuandika riwaya ndefu kwa Kikerewe, habari za Myombekere na mkewe Bugonoka, watu waliopendana na kuchelewa kupata mtoto. Hakupata wa kuichapa kwa lugha hiyo. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Mwaka uliofuata, 1981, mzee akafariki.

Tumpime Kitereza kwa kanuni yetu. Anaeleza sana! Pombe ya ndizi inavyotengenezwa, ugonjwa unavyotibiwa, mkwe anavyotembelewa, yote yamo, hatua kwa hatua. Mhakiki wa haraka atasema: huyu aliwaandikia Wazungu. La hasha. Mtu anayewaandikia Wazungu haandiki kwa Kikerewe. Kitereza alikuwa anawaeleza Wakerewe Ukerewe, kwa sababu aliona kwamba wajukuu hawatakuwa nao. Msomaji wake alikuwa wa damu yake lakini hajazaliwa. Ndiyo maana maelezo yale, japo mara nyingine yanaichelewesha hadithi mpaka msomaji anapiga miayo, hayana ile harufu ya kumwonyesha mgeni. Yana sauti ya babu anayejua kwamba muda wake ni mfupi.

Na uone maajabu ya kalamu: kitabu cha Wakerewe kikasomwa kwanza na Waswahili, kikaenda Ujerumani, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwana wa kisiwa hichohicho. Kilisafiri kwa sababu kilikuwa na kwao.

TURUDI KWENYE MISWADA YETU

Sasa nije kwetu, maana uhakiki unaowasema tu waliokufa ni rahisi. Sisi vijana tunaoandika hapa Bariadi huwa tunabadilishana miswada. Nimesoma mingi, na ugonjwa niliouona ni mmoja: tunamwandikia mtu asiyekuwepo. Hadithi inaanza kwa kueleza kwamba Bariadi ni mji wa Tanzania unaolima pamba. Kumwambia nani? Mhusika anakula michembe, na mwandishi anaweka mabano: viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Ukurasa unaofuata mhusika huyohuyo yuko Dar es Salaam anakunywa kapuchino, na hapo hakuna mabano! Yaani mwandishi wa Bariadi anadhani msomaji wake anaijua kapuchino na haijui michembe. Huyo msomaji ni nani, jamani? Mimi nadhani ni mtu wa ofisini, msahihishaji wa mtihani au jaji wa mashindano, ambaye tumemtengeneza kwa woga wetu, halafu tukamkalisha kwenye kiti cha mbele na kuwafukuza wa kwetu wote.

Msije mkanielewa vibaya. Sisemi tumwage Kisukuma kila mstari ili tuonekane wenyeji. Huo nao ni ulimbwende, na wanaoufanya wanamwandikia mgeni yuleyule, ila sasa wanamringia. Marko alieleza pale ambapo watu wake walihitaji kuelezwa, akanyamaza pale ambapo walijua. Kipimo ni msomaji.

Nitoe mfano mzito, kwa sababu jambo hili si la michembe peke yake. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yamefanywa ushahidi, wakati macho hayo yameiva kwa moshi wa miaka na miaka wa kupikia mavi ya ng'ombe na mabua. Nimesoma miswada miwili ya wenzangu juu ya jambo hilo. Wa kwanza unaanza kwa kueleza imani za Wasukuma kuhusu uchawi, unalaani ujinga, unaendelea hivyo mpaka bibi anapouawa kwenye ukurasa wa tisa. Kila kilichosemwa ni kweli. Lakini ukimaliza unajua kwamba umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo, hamjui bibi huyo, wala hawamjui waliomuua. Atatikisa kichwa kwa huzuni na kufunua hadithi nyingine. Hakuna aliyeguswa begani.

Wa pili hauelezi kitu. Unaanza asubuhi, watu wanakwenda kisimani, na kila mmoja anazungumzia mvua. Mvua tu. Mama mmoja anauliza kama kuna aliyesikia mbwa usiku, na hakuna anayejibu. Basi mimi, mtu wa huku, nywele zilinisimama. Sikuhitaji kuambiwa kilichotokea. Mwandishi alijua kwamba ninajua, na kwa kunyamaza kwake alinishika mkono akanisogeza karibu na nyumba ile. Hadithi hiyo ina kasoro zake, mwisho wake umevurugika na sarufi inapwaya. Lakini ina msomaji, na ule wa kwanza hauna.

Mchapishaji mmoja aliurudisha mswada huo wa pili akisema hautaeleweka kwa msomaji wa jumla. Mimi nasema hivi: karibu miaka elfu mbili watu wanasoma kwamba Simoni ni baba yao Iskanda na Rufo, na hawajui vijana hao ni nani, na hakuna aliyekifunga kitabu kwa sababu hiyo. Msomaji wa mbali haumizwi na kutojua kila kitu. Anahisi kwamba amekaribishwa kwenye nyumba ya watu hasa, wanaojuana, na anavuta kigoda akae. Kinachomfukuza ni nyumba isiyo na wenyewe.

Na mimi je? Nimeishia kidato cha nne, na kwa sasa naandika riwaya ambayo ndani yake yumo kikongwe wa namna hiyo. Nimemchagua msomaji wangu. Ni mtu mmoja wa makamo, wa upande wetu, ambaye usiku mmoja alisikia yowe, akatoka mpaka njiani, akaona mwanga wa tochi, akarudi kulala. Jina lake halitaandikwa popote. Anasoma Kiswahili polepole, kidole kwenye mstari. Simwelezi macho mekundu ni nini. Simwambii kwamba kuua ni vibaya, anajua. Ninachotaka ni kwamba akifika pale kwenye mwanga wa tochi asikifunge kitabu, ageuze ukurasa. Kila sentensi naipima kwake: hapa ataendelea, au ataniacha? Naogopa, sifichi. Mtu huyo kwangu ni mtu wa heshima, namwamkia shikamoo kila siku ya mnada. Lakini tangu nimwone yeye upande wa pili wa karatasi, maneno ya mapambo yameniishia yenyewe. Huwezi kumpigia mtu kama huyo tarumbeta.

Akisoma mtu wa Mombasa au wa Muscat, vizuri sana, nitashukuru. Atakuwa ameokota barua isiyo yake, na barua za wengine zina utamu wake. Lakini haikuandikwa kwake.

Basi wenzangu, kazi ya mwezi huu ni ndogo. Chukua mswada wako na kalamu mbili. Kwa moja, pigia mstari kila unachoeleza. Kwa nyingine, zungushia duara kila ulichotaja na kukiacha bila maelezo. Kisha vitazame vyote viwili na ujiulize: mtu anayehitaji hayo ya mstari na asiyehitaji hayo ya duara ni nani? Anakaa wapi? Ana umri gani? Anakudai nini, nawe unamdai nini? Ukiona ni yule jaji wa ofisini, mtoe kwenye kiti. Ukiona hakuna mtu kabisa, usiongeze ukurasa hata mmoja kwanza. Toka nje, pita sokoni, pita mizani ya pamba, pita msikitini na kanisani watu wanapotoka, umtafute.

Ukimpata, mtaje hata kama ni kwa siri. Ikibidi mfiche ndani ya sentensi moja, kama Marko alivyowaficha wale vijana wawili.